Poncho ya hema: koti mchana, paa usiku, lakini si vyote kwa wakati mmoja

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba kitambaa kimoja chaweza kufanya kazi nyingi. Leso hufungwa kiunoni, hujitandwa kichwani, hubebewa mtoto, hutandikwa chini na hufunikiwa sinia la chakula. Mvuvi aliyekwenda ago, akikosa banda, hulishusha tanga la chombo chake akalala chini yake. Kwa hivyo poncho ya hema, yaani vazi la mvua ambalo jioni hugeuzwa kuwa hema la kulalia, si jambo la kutushangaza.

Naiandikia leo kwa sababu siku hizi vijana wetu wa Mombasa, Kwale na Kilifi wanapenda sana kupanda milima. Wengine huanzia Shimba Hills, wakahamia milima ya Taita, na wakishapata ladha hutaka Mlima Kenya. Hema zuri ni ghali na ni zito, na poncho ya hema huuzwa kwa maneno matamu: kitu kimoja, kazi mbili, uzito nusu. Nimeulizwa mara nyingi kama maneno hayo ni ya kweli. Ni ya kweli, ila pana jambo moja ambalo muuzaji hakwambii, na jambo hilo mlimani laweza kuwa hatari kwa maisha. Nitalifikia. Kwanza tukijue chombo chenyewe.

Ni kitu gani hasa

Chukua kitambaa cha mstatili kisichopitisha maji, upana wake kama mita 1.5 na urefu wake kama mita 2.6. Katikati pana tundu la kupitishia kichwa, na kofia iliyoshonewa papo hapo ikiwa na kamba yake ya kukazia. Pembeni kuna vifungo vya kubana. Ukivifunga chini ya makwapa, kitambaa huwa vazi pana linalokufunika wewe pamoja na shanta lako mgongoni. Kwenye pembe zote nne, na katikati ya pindo, kuna vitanzi vidogo vya kamba. Ukifika kituoni unafungua vifungo, unaikaza ile kofia na kuifunga ili tundu lisivuje, unapitisha kamba kwenye vitanzi, na hapo una paa la mtu mmoja.

Iliyoshonwa kwa nailoni nyembamba huwa na uzito wa kama gramu 230 hadi 350, na ukiikunja haizidi chungwa kubwa. Hema la mtu mmoja kwa kawaida huwa kilo moja hadi mbili, na bado utahitaji koti la mvua na kifuniko cha shanta. Poncho hufanya kazi za vyote vitatu. Kwa mtu anayepanda mlima kutwa nzima, kilo moja na nusu iliyopungua mgongoni ni nafuu ambayo magoti yataihisi kabla ya adhuhuri.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni huo mstatili wa kawaida, ambao ukiusimamisha huwa na paa na pande mbili, huku ncha zikibaki wazi. Ya pili imekatwa kama joho, na ikisimamishwa kwa nguzo moja hufika chini pande zote. Maarufu katika aina hii ya pili ni Gatewood Cape ya kampuni ya Six Moon Designs ya Marekani. Ina uzito wa takriban gramu 300, na husimama kwa fimbo moja ya kutembelea na vigingi sita.

Ilikotoka

Poncho asili yake ni Amerika Kusini, kwenye milima ya Andes, ambako wenyeji walivaa blanketi la sufu lenye tundu la kichwa. Lilikuwa vazi la baridi zaidi kuliko la mvua. Mabadiliko yalikuja na mpira. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa kilichotiwa mpira katikati, kisichopitisha maji. Tatizo ni kwamba mpira wa wakati ule ulinata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear akapata hataza ya kuupika mpira pamoja na salfa ili ustahimili hali zote mbili.

Baada ya hapo majeshi yakaichangamkia. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, askari walipewa poncho za kitambaa cha mpira. Walizivaa kwenye mvua, wakazitandika juu ya matope, wakazifunga juu ya vijiti kuwa paa. Jeshi la Ujerumani mwaka 1931 likaleta kitambaa cha pembe tatu kiitwacho Zeltbahn, kilichovaliwa kama joho. Askari wanne wakiunganisha vyao walipata hema kamili. Wasovieti nao walikuwa na chao cha mraba, kiitwacho plashch-palatka, ambacho jina lake maana yake ni koti-hema.

Katika historia hiyo pana funzo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Wanajeshi hawakutegemea askari mmoja ajitosheleze kwa kipande kimoja. Vipande viliundwa ili viunganishwe. Poncho mbili zilizobanwa pamoja ni hema la watu wawili lenye upana wa kutosha. Poncho moja ni paa jembamba la mtu asiyejigeuzageuza usingizini. Kama mnakwenda wawili, nunueni za aina moja ili vifungo vishikane.

Bibi aliyebeba pazia la bafu

Lile joho la Gatewood limepewa jina la Emma Gatewood, mama wa Ohio, Marekani, aliyezaliwa 1887 na kulea watoto 11. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia nzima ya Appalachian, kutoka jimbo la Georgia hadi Maine. Urefu wake wakati huo ulikuwa takriban kilomita 3,300, na alitumia siku 146. Akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza njia hiyo akiwa peke yake kwa safari moja. Aliirudia mwaka 1957, na 1964 akaikamilisha mara ya tatu kwa vipande.

Hakuwa na hema. Alijishonea mfuko wa dengrizi, akautundika begani, akavaa raba za kawaida miguuni. Kwa mvua alibeba pazia la plastiki la bafuni. Alijitanda nalo alipokuwa akitembea, na alipopumzika lilimfaa kama kinga.

Hadithi hii husimuliwa ili kuonyesha kwamba mtu hahitaji vifaa vya gharama. Ni kweli, lakini isomwe yote. Njia ya Appalachian ina vibanda vya wasafiri kila baada ya masafa, hupita karibu na miji na mashamba, na yeye alibisha hodi kwenye nyumba za watu alipohitaji. Pazia lake halikuwa nyumba yake pekee. Lilimfikisha kutoka paa moja hadi jingine. Mwenye kutaka kuiga wepesi wa bibi huyu, na aige pia hesabu yake ya wapi pana pa kujihifadhi.

Kitambaa na adui zake wa Pwani

Poncho za bei ya chini kabisa ni za plastiki tupu. Zinafaa kuzuia mvua ya saa moja, lakini usizifanye hema. Vitanzi vyake huchanika upepo ukivuma mara ya kwanza.

Zinazofuata ni za nailoni au poliesta zilizopakwa poliyurethani kwa ndani. Hizi ndizo nyingi madukani. Ubora wa kuzuia maji huandikwa kwa milimita: maana yake ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa chaweza kuihimili kabla ya kuvuja. Milimita 1,500 ni kiwango cha chini kinachofaa kwa paa la mvua. Poncho isiyoandikwa namba yoyote ichukulie kuwa ni ya manyunyu tu.

Za tatu ni za nailoni au poliesta iliyolowekwa silikoni. Ni nyepesi, zinateleza mkononi, na hudumu. Nailoni ikilowa hunyooka, kwa hivyo paa ulilolikaza jioni utalikuta limelegea usiku, na hapana budi uamke ukaze kamba. Poliesta hainyooki sana. Mishono ya vitambaa vya silikoni mara nyingi huja bila kuzibwa. Nunua gundi ya silikoni uipake mwenyewe, uiache ikauke siku nzima.

Hapa Pwani kuna jambo la ziada. Ule mpako wa poliyurethani huharibiwa na joto na unyevu. Ukikunja poncho ikiwa mbichi, ukaitia kabatini Mombasa miezi sita, utakuja kuifungua imenata kama halua na ina harufu mbaya. Hapo haitengenezeki tena. Isuuze chumvi ya bahari kwa maji matamu, ianike kivulini hadi ikauke kabisa, kisha itundike ikiwa imelegea. Usiianike juani kutwa. Jua huila nailoni polepole hadi ikachanika kama karatasi.

Namna ya kuisimamisha

Mtindo rahisi ni wa paa la pande mbili. Funga kamba kati ya miti miwili, kimo cha kiuno au chini zaidi kama upepo ni mkali. Itupie poncho juu, kofia ikiwa imefungwa na kuvutwa juu kwa kamba nyembamba ili maji yasituame. Vuta pembe nne, kaza kwa vigingi vilivyoinamishwa kuelekea nje. Pahali pasipo na miti, tumia fimbo mbili za kutembelea badala yake.

Mtindo wa pili ni wa mgongo: upande mmoja unapigiliwa chini kabisa kuelekea upepo unakotoka, na upande wa pili unainuliwa. Huu unafaa kwa kupumzika na kupika, lakini upepo ukigeuka usiku utanyeshewa usoni.

Kwenye mchanga wa pwani vigingi havishiki. Funga kamba katikati ya kijiti, ukizike kwa kulala, futi moja chini, kisha ushindilie mchanga juu yake. Au jaza mchanga kwenye mfuko na uuzike vivyo hivyo. Usilale chini ya mnazi. Nazi haina adabu, na kuti kavu vilevile. Usilale kwenye kijito kilichokauka, hata kama mchanga wake ni laini kama godoro, maana mvua ikinyesha mbali juu hufika kwako bila hodi. Beba chandarua chepesi cha kutundika ndani, kwa sababu paa hili halina ukuta wala zipu, na mbu hawabishi hodi pia.

Pahali penye wanyama wakubwa, kama Shimba Hills, Arabuko-Sokoke penye ndovu au Tsavo penye simba, usilale nje ya sehemu zilizotengwa na bila idhini ya wahifadhi. Paa lililo wazi pande zote si mahali pa kulala huko.

Kwa dada zetu pana faida moja isiyotajwa kwenye matangazo, nayo ni sitara. Poncho hufunika hadi magotini na ndani yake mna nafasi. Mtu aweza kubadilisha nguo zilizolowa mahali pasipo hata kichaka. Lakini iwe vazi la kutembea kwa miguu tu. Ukipanda bodaboda ivue au uikunje na kuifunga vizuri mwilini, kama tunavyoonya kila siku juu ya buibui na leso. Pindo likishikwa na gurudumu au mnyororo, litakuvuta.

Mshika mbili

Sasa tuje kwenye lile jambo nililoahidi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na poncho ya hema ni mithili ya msemo huo. Ikiwa mwilini, huna hema. Ikiwa hema, huna koti. Hakuna dakika hata moja utakayokuwa navyo vyote viwili.

Ifikirie hali halisi. Umetembea saa sita, mvua bado inanyesha, jua linazama. Poncho ndiyo inayokuweka mkavu. Ili upate pa kulala ni lazima uivue kwenye mvua hiyohiyo, na ndani imelowa jasho lako. Muda wa kufunga kamba na kupigilia vigingi, hata kwa mtu mzoefu, ni dakika kadhaa za kunyeshewa. Mtu wa mara ya kwanza, vidole vikiwa vimekufa ganzi, huchukua muda mrefu zaidi. Halafu usiku ukihitaji kutoka kwenda haja, unatoka bila koti. Na rafiki yako akiumia usiku ukatakiwa kwenda kuita msaada, itakubidi ubomoe nyumba ili upate nguo.

Dawa ipo, nayo haina uzito mkubwa. Kwanza, beba koti jembamba la upepo, au hata lile la plastiki la kutupa, kwa ajili ya hizo dakika za kubadilisha na za usiku. Pili, funga kamba ya paa na upigilie vigingi vya nyuma ukiwa bado umeivaa poncho. Ivue mwisho kabisa. Tatu, nguo za kulalia na blanketi viwe ndani ya mfuko wa nailoni usiovuja, viguswe tu ukiwa chini ya paa. Nne, dalili ya mvua ni mawingu: ukiyaona yanajikusanya saa tisa alasiri, simama na upige kambi mapema badala ya kuifukuzia kilomita mbili za mwisho.

Tena upepo. Poncho ni tanga. Kwenye ukingo wa mlima hupeperuka, ikakufunika uso na kukuzuia kuona unapokanyaga. Ifunge kiunoni kwa kamba, na pahali pa kutambaa kwa mikono ivue.

Baridi ya juu si baridi ya kwetu

Haya yote Pwani ni usumbufu. Kunyeshewa Diani saa nne usiku ni karaha tu, asubuhi utakauka. Kule juu mambo ni mengine. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tuseme Mombasa ni nyuzi 28. Kilele cha Vuria huko Taita, mita 2,208, kitakuwa karibu na nyuzi 14. Mita 4,000 kwenye Mlima Kenya itakuwa nyuzi 2, na hiyo ni kabla ya upepo na kabla ya usiku. Point Lenana, wanakofika wapandaji wengi, ni mita 4,985.

Mwili uliolowa hupoteza joto upesi mno, na mtu aweza kufa kwa baridi hata pasipo barafu. Huanza kwa kutetemeka. Kisha ulimi huwa mzito, anajikwaa, anaangusha vitu, anatoa maamuzi ya ajabu. Kutetemeka kukikoma ilhali bado amelowa, msidhani amepona. Hapo hali imekuwa mbaya zaidi. Mwondoeni upeponi, mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mfunikeni pamoja na kichwa. Kama fahamu ziko sawa mpeni kinywaji cha moto chenye sukari, kisha mteremsheni na kuita msaada. Sisi tuliozoea joto hatuna uzoefu wa dalili hizi, na kijana wa Kisauni anaweza kumcheka mwenzake anayeongea kama mlevi bila kujua anachokiona.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Juu ya mstari wa msitu kwenye Mlima Kenya, poncho isiwe paa lako pekee. Lala kwenye vibanda vilivyopo njiani, kama kile cha Shipton's au Austrian Hut, au beba hema lenye kuta zake. Poncho ibaki kuwa koti, na paa la dharura mkikwama.

Nani ainunue

Inamfaa anayelala usiku mmoja kwenye vilima vya chini. Inawafaa skauti na vikundi vya vijana wanaokwenda wengi, maana poncho zikiunganishwa hutoa kivuli na banda la kupikia. Inamfaa mvuvi wa ago na mtu wa shambani anayelinda mahindi usiku. Kama uwezo ni mdogo, fundi wa matanga au maturubai aweza kukushonea: kitambaa cha nailoni kilichopakwa, vipimo vile nilivyotaja, pindo lililokunjwa mara mbili, na pembe zilizoongezwa kipande cha pili ili vitanzi vising'oke. Mwambie tundu la kichwa lisogee mbele kidogo ya katikati, ili upande wa nyuma uwe mrefu wa kutosha kufunika shanta.

Haimfai anayelala akijigeuza sana, anayeogopa wadudu, wala anayekwenda peke yake mahali pa baridi ambako hakuna mtu wala kibanda karibu.

Na kabla hujaipeleka popote, ijaribu nyumbani. Ngoja usiku wa masika, mvua ikiwa imeshika kasi. Ivae, toka uani, kisha uisimamishe ukiwa umelowa, gizani, bila kuomba msaada. Lala humo hadi alfajiri. Ukiamka mkavu, umejua chombo chako. Ukiamka umelowa, chai iko jikoni, hatua kumi tu kutoka ulipolala, na mlima utakusubiri.